Mpinzani Anapokwenda Kombo: Uhakiki wa Magic: The Gathering

Usiku wa kwanza nilipocheza Magic: The Gathering, mdogo wangu alisubiri niitupe karata yangu mezani, akanitazama usoni, kisha akaniuliza kwa upole, “Kaka, umemaliza?” Nikamwambia nimemaliza. “Basi na mimi najibu,” akasema. Akalaza ardhi moja nyekundu, akaweka karata yake juu ya yangu, na kiumbe nilichokuwa nimekitunza tangu mwanzo wa mchezo kikaenda makaburini, yaani kwenye fungu la karata zilizokwisha kutumika, pamoja na ile karata niliyodhani inakiongezea nguvu. Karata zangu hazikuwa mbovu kuliko zake, na karata niliyoitupa ilikuwa ndiyo hasa iliyohitajika. Kosa lilikuwa saa niliyoitupa. Tangu usiku ule nimeupima mchezo huu, na michezo mingine ya aina yake, kwa kipimo kimoja, yaani namna unavyompa mchezaji haki ya kuchagua wakati, na namna haki hiyo inavyozaa muungano wa karata mbili au tatu ambao wachezaji huuita kombo. Uhakiki huu unahusu hayo tu. Michoro ya karata hizi ni mizuri sana, ila sitaizungumzia.

Kwa asiyeufahamu, Magic ulibuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani, ambayo mwaka 1999 ilinunuliwa na Hasbro. Kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe la karata, ambalo wenyewe huliita deki. Katika mchezo wa kawaida deki huwa na karata zisizopungua 60, na hairuhusiwi kuweka zaidi ya nakala nne za karata moja isipokuwa ardhi za msingi. Unachanga karata, unavuta saba, na unaanza na pointi 20 za uhai. Ardhi ndizo zinazotoa mana, ambayo ni fedha ya kulipia karata nyingine zote; ukitaka kuitumia ardhi unailaza ubavu, na mwanzo wa zamu yako inayofuata unaisimamisha tena. Mana ina rangi tano: nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Mpinzani akifikia sifuri ya uhai, umeshinda. Mpaka hapo hakuna kinachomtisha mtu aliyezoea karata za barazani.

Ugeni unaanzia kwenye zamu. Katika karata tulizokulia, kila mtu hutupa inapofika zamu yake, na turufu hukata kilichokwisha kutupwa. Katika Magic, karata nyingi hufuata utaratibu huohuo: viumbe, na zile zilizoandikwa Sorcery, hutupwa katika zamu yako tu, katika awamu kuu, pakiwa hapana jambo jingine linalosubiri kutimia. Karata zilizoandikwa Instant ni habari nyingine. Hizo unaweza kuzitupa katika zamu ya mwenzako, katikati ya shambulio, au wakati uchawi wake umekwisha kutangazwa na kulipiwa lakini haujatimia bado. Nafasi hiyo, ya uchawi uliokwisha tamkwa na ambao haujatokea, ndiyo roho ya mchezo mzima, na mimi sijaona mchezo mwingine wa karata ulioitengeneza kwa uangalifu kama huu.

Nirudi kwenye kiumbe changu. Alikuwa Grizzly Bears, dubu wa kawaida kabisa mwenye nguvu 2, yaani madhara anayotoa, na uvumilivu 2, yaani madhara yanayotosha kumwua. Mkononi nilikuwa na Giant Growth, karata ya mana moja ya kijani inayomwongezea kiumbe 3 na 3 mpaka mwisho wa zamu. Mdogo wangu alikuwa na Lightning Bolt, karata ya mana moja nyekundu inayotoa madhara 3 kwa kiumbe au kwa mchezaji. Karata hizi tatu zote zilikuwamo katika toleo la kwanza la mwaka 1993, na mpaka leo sijapata mfano bora wa kumfundishia mtu. Mimi nilishambulia na dubu, nikamtupia Giant Growth mara moja ili awe 5 kwa 5, nikakaa kusubiri makofi. Mdogo wangu akajibu kwa Lightning Bolt. Karata iliyotupwa mwisho ndiyo hutimia kwanza, kwa hiyo radi ilimkuta dubu angali 2 kwa 2, akafa. Giant Growth yangu ilipofika zamu yake ya kutimia haikuwa na wa kumlenga, ikaenda makaburini bila kufanya lolote. Nilipoteza karata mbili kwa moja yake.

Sasa geuza mpangilio, usibadilishe kingine chochote. Ningalishambulia na dubu nikanyamaza, yeye ndiye angalilazimika kuamua kama anatupa radi yake au anapokea madhara mawili. Angaliitupa, ningalimjibu kwa Giant Growth. Yangu ingalitimia kwanza, dubu angalikuwa 5 kwa 5, na madhara 3 yasingalimwangusha. Karata ni zilezile na gharama ni ileile, lakini aliyetangulia kusema ndiye aliyepoteza. Nilimfanyia mwenyewe jambo hilo wiki iliyofuata na sikuficha furaha yangu.

Utaratibu unaotawala mambo hayo unaitwa, kwa lugha tunayoitumia mezani kwetu, rundo. Kila uchawi unaotangazwa huwekwa juu ya rundo, na rundo hutimia kuanzia juu kwenda chini, kama sahani zilizooshwa ambapo ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Kabla ya chochote kutimia, wachezaji wote wawili ni lazima wapishe kwa kufuatana, yaani kila mmoja aseme hana la kuongeza. Mwenye zamu hupewa nafasi kwanza. Akipisha, nafasi huenda kwa mwenzake. Na mwenzake naye akipisha, ndipo karata moja tu ya juu hutimia, si rundo zima. Hapo nafasi hurudi tena kwa mwenye zamu, na mazungumzo huanza upya. Neno hilo “moja tu” ni dogo lakini lina uzito mkubwa, kwa sababu maana yake ni kwamba unaweza kuona tokeo la karata ya juu ndipo uamue kama utaijibu ile iliyo chini yake.

Mambo mawili humchanganya kila mgeni, na yalinichanganya mimi kwa miezi. La kwanza ni kwamba uwezo wa kiumbe, ukishawekwa katika rundo, haumtegemei tena mwenyewe. Chukua Prodigal Sorcerer, mchawi wa zamani anayelazwa ili kumdhuru yeyote kwa pointi moja. Mpinzani akimlaza, wewe ukakasirika ukamuua mchawi kwa kujibu, pointi ile moja itakuja vilevile. Ni sawa na kumkamata mtu aliyekwisha kurusha jiwe. La pili ni kwamba si kila kitu hupita katika rundo. Kulaza ardhi kwa ajili ya mana hakujibiwi. Kulipa gharama hakujibiwi. Mpinzani akimtoa kiumbe wake mhanga kama sehemu ya malipo, huna pa kuingilia, kwani ukipata nafasi ya kusema kiumbe amekwisha kuondoka. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hili mpaka chai ikapoa, na kitabu cha kanuni kamili, chenye zaidi ya kurasa 200, kina jibu lililo wazi. Anayependa kusoma sheria atafurahi na kanuni ya 117, inayoeleza nani ana nafasi na lini. Anayetaka kucheza tu aanze bila hicho kitabu.

Haya yote hayakuwapo tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1999 palikuwa na aina ya karata iliyoitwa Interrupt, ambayo iliweza kumkatiza mwenzako kwa namna ambayo Instant haikuweza, na uchawi ulipangwa katika mafungu ambayo yakianza kutimia hayakuingilika. Rundo lilikuja na toleo la sita la kanuni, mwaka huohuo wa 1999, na karata za Interrupt zikageuzwa zikawa Instant. Mwaka 2009 wakaondoa desturi nyingine mbili: ile ya kuyaweka madhara ya vita katika rundo, iliyomruhusu mtu amtumie kiumbe aliyekwisha kupiga kabla pigo halijafika, na ile ya kuunguzwa na mana usiyoitumia. Wapo wazee wa mchezo wanaoililia ya kwanza. Mimi naona waliondoa hila moja tamu ili wengine waelewe vita, na biashara hiyo ilikuwa na faida.

Ili kuuona ubora wa mpango huu, uweke kando ya michezo jirani. Yu-Gi-Oh!, uliotolewa na Konami huko Japani mwaka 1999, nao una majibu juu ya majibu, unayaita mnyororo, na mnyororo hutimia kutoka mwisho kurudi mwanzo kama rundo. Lakini ukianza kutimia hakuna anayeruhusiwa kuongeza kiungo mpaka uishe wote, na karata zake zina madaraja matatu ya kasi, ambapo la kwanza haliwezi kumjibu mtu na la tatu haliwezi kujibiwa ila na la tatu mwenzake. Humo pia mna adhabu ambayo bado naiona ni ya kikatili: karata yenye tokeo la hiari, iliyoandikwa kwa mtindo wa “jambo fulani likitokea, unaweza,” hupoteza haki yake ikiwa jambo hilo halikuwa la mwisho kabisa kutokea. Kwamba neno moja katika maandishi madogo linaweza kukunyima karata uliyoipanga tangu zamu tatu nyuma ni jambo linalohitaji moyo. Karata za Pokémon hazikupi nafasi ya kutupa karata ya kujibu katika zamu ya mwenzako, na Hearthstone, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2014, unakuruhusu tu kutega siri mapema zijifyatue zenyewe. Michezo hiyo ni myepesi na ya haraka, na ina haki ya kuwa hivyo. Lakini anayetaka kumnyamazia mtu kwa makusudi, huku ardhi zake zimesimama na uso wake haumsemi, hatapata kitu humo.

Nije kwenye kombo. Neno lenyewe limetufaa Waswahili kuliko walivyokusudia wenyewe walioliunda, maana kwetu kombo ni kile kisichonyooka, na karata hizi zikikutana, mambo ya mpinzani huenda kombo kwelikweli.

Kombo iliyo maarufu kuliko zote za mwanzo ina karata nne: Mountain, Black Lotus, Channel na Fireball. Hesabu yake ni nzuri kiasi kwamba inafaa ifuatwe pole pole. Black Lotus haina gharama, na ukiitoa mhanga inakupa mana tatu za rangi moja, chagua kijani. Mbili zinalipia Channel, ambayo mpaka mwisho wa zamu inakuruhusu kugeuza pointi moja ya uhai kuwa mana moja. Unalipa pointi 19 kati ya 20 zako, unabaki na moja. Mountain inatoa mana nyekundu inayotakiwa na Fireball, na Fireball hutoa madhara kwa kadiri ya mana uliyoongeza: 19 za uhai wako pamoja na ile moja ya kijani iliyobaki kwenye Lotus ni 20, yaani uhai wote wa mpinzani, katika zamu ya kwanza. Haipungui wala haizidi.

Watu wengi huisimulia kombo hiyo wakaishia hapo. Kwangu mimi utamu wake uko katika kile kinachoweza kuiharibu. Kule kulipa uhai kwa Channel ni kutengeneza mana, kwa hiyo hakujibiwi. Mpinzani atakaa akikutazama ukijimaliza mwenyewe kutoka 20 mpaka 1 bila kuwa na neno. Kisha unatangaza Fireball, inakaa katika rundo, na sasa ndiyo nafasi yake. Ikiwa yeye ndiye aliyetangulia kucheza na ana Mountain moja iliyosimama na Lightning Bolt mkononi, kwa kanuni za leo huna pa kukimbilia: radi inatimia kwanza, wewe una pointi moja, umekufa, na moto wako wa pointi 20 haumfikii. Karata ya mana moja imeishinda mojawapo ya karata ghali kuliko zote za mchezo huu kwa sababu tu ilisubiri. Bila shaka Black Lotus hatuna, wala hatutakuwa nayo. Tangu 1996 imo katika orodha ya karata ambazo kampuni iliahidi kutozichapa tena, na mimi na mdogo wangu tulicheza kwa kipande cha karatasi tulichokiandika kalamu.

Kombo ya pili ndiyo iliyonifundisha kucheza. Splinter Twin, ya mwaka 2010, ni karata ya mana nne inayobandikwa juu ya kiumbe, ikampa uwezo wa kulazwa ili kutengeneza nakala yake mwenyewe, nakala inayoweza kushambulia papo hapo na ambayo huondoka mwisho wa zamu. Deceiver Exarch, wa mwaka 2011, ni kiumbe wa mana tatu mwenye nguvu 1 na uvumilivu 4, anayeweza kutupwa wakati wowote kama Instant, na ambaye akiingia mezani hukisimamisha kitu chako kimoja au hukilaza kimoja cha mpinzani. Mweke Twin juu ya Exarch. Mlaze, inatokea nakala. Nakala ikiingia, inamsimamisha yule wa asili. Mlaze tena. Hakuna kinacholipwa na hakuna kinachokwisha, na zikifika nakala 20 unaweza kusimama kuhesabu.

Lakini tazama namna wenye ujuzi walivyoicheza, kwa sababu hapo ndipo muda na kombo vinapokutana. Hawakumtupa Exarch katika zamu yao. Walisubiri mwisho wa zamu ya mpinzani, ndipo wakamtupa, wakalaza ardhi moja ya mpinzani huyo. Ardhi husimamishwa mwanzo wa zamu ya mwenyewe tu, kwa hiyo ardhi ile inabaki imelala katika zamu yote inayofuata, ambayo ndiyo zamu ya Splinter Twin. Kwa tendo moja kiumbe ameingia mezani wakati ambao mpinzani hawezi tena kutumia Sorcery zake, na mana ya kujibia imepungua. Na ule uvumilivu wa 4 haukosi maana: Lightning Bolt, jibu la rahisi ambalo kila mwenye ardhi nyekundu analo, linatoa 3.

Upande wa pili nao una darasa lake. Mwenye karata ya kumwondoa Exarch, tuseme Path to Exile ya mana moja nyeupe, hushawishika kumwondoa mara tu anapomwona. Anaweza kufanya hivyo, na atakuwa ametoa karata moja kwa moja. Akiwa na subira atangoja Splinter Twin itangazwe, mana nne zilipwe, iwe katika rundo ikimlenga Exarch, ndipo amwondoe. Twin inakosa wa kubandikwa, inakwenda makaburini, na mwenye kombo amepoteza karata mbili pamoja na zamu nzima. Akichelewa tena, akaruhusu Twin itimie na mwenye zamu amlaze Exarch kwa mara ya kwanza, kumwondoa hapo hakuzuii nakala moja kutokea, kwa kanuni ileile ya jiwe lililokwisha kurushwa. Kuna nukta tatu za kujibu, moja inalipa kuliko nyingine mbili, na katika usiku mmoja nilizijaribu zote tatu kwa mpangilio mbaya.

Kombo hii ilipigwa marufuku katika mashindano ya mtindo wa Modern Januari 2016, na marufuku ikaondolewa Desemba 2024. Sababu ya marufuku haikuwa kwamba haiwezi kuzuiwa, tumeona inavyozuiwa. Tatizo, ninavyoona mimi, ni kwamba ilimlazimu mpinzani abaki na ardhi zilizosimama kila zamu kuanzia ya tatu, hata kama mwenye kombo hakuwa na lolote mkononi, na tishio hilo peke yake lilizifukuza deki nyingine nyingi. Naungana na waliosema marufuku ilidumu mno.

Swali la mgeni huwa: mtu anazirudia hatua hizo mara ngapi? Mezani, kanuni inamtaka mwenye mzunguko aonyeshe hatua zake mara moja kisha ataje idadi, na idadi hiyo ni lazima iwe na kikomo. Huwezi kusema “milele”. Unaweza kusema milioni. Mpinzani ana haki ya kueleza ni hatua ya ngapi atakayoingilia. Na mzunguko ukiwa wa lazima, hakuna awezaye kuukata, mchezo unahesabiwa sare. Mcheza bao hatashangazwa sana na hili, maana hata bao la Kiswahili lina mitaji michache ambayo kwa hesabu kete zake zinaweza kuzunguka ubaoni pasipo kulala.

Hapo ndipo programu ya Magic: The Gathering Arena inapopungukiwa. Arena ni toleo la bure la mchezo huu kwa kompyuta, lililozinduliwa rasmi mwaka 2019 na kufika kwenye simu mwaka 2021, na kwa mtu asiye na mwenzi wa kucheza naye ndiyo njia ya karibu kuliko zote. Kwa kufundisha rundo haina mpinzani: inalichora pembeni ya meza, karata juu ya karata, na inakataa kabisa usichoruhusiwa, hivyo ule ubishi wa chai kupoa haupo. Lakini haijui kutaja idadi. Anayetaka kurudia mzunguko mara 40 ataubonyeza mara 40, huku saa ikimwendea.

Jambo la pili katika Arena ni la kupima zaidi. Ili mchezo usichoshe, programu inapisha kwa niaba yako pale inapoona huna la kutupa. Ni huduma nzuri, ila ina gharama mbili. Kwanza, inaweza kuipita hatua ambayo ulitaka kusimama, kama ule mwisho wa zamu ya mpinzani ambao Exarch anauhitaji, usipokuwa umeweka alama ya kusimamia hapo. Pili, inazungumza kwa niaba yako: mpinzani akiona mchezo umesita sekunde moja baada ya uchawi wake, amejua una jibu, akiona haukusita, amejua huna. Uso mkavu tuliojifunza mezani hauna kazi. Dawa ni kuwasha udhibiti kamili, ambapo programu inakusubiri katika kila hatua, na ninamshauri kila mwanafunzi aucheze mchezo mmoja kwa namna hiyo japo mara moja, ahesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa zamu moja huulizwa kama anapisha. Nilipofanya hivyo nilichoka kabla ya zamu ya tano, na nikaelewa kwa nini wameuficha.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Pakiti za kubahatisha zinazouzwa sasa huwa na karata 14, na anayezinunua akitafuta nusu ya pili ya kombo yake anacheza bahati nasibu. Kombo inahitaji karata mbili mahususi, si karata nyingi. Nunua moja moja kwa jina lake. Kwa watu wawili wanaoanza, seti ya deki mbili zilizokwisha pangwa inatosha kwa miezi, mradi ndani yake mna Instant za kutosha kwa pande zote mbili, jambo ambalo mnunuzi anaweza kulikagua kwa kusoma orodha ya karata kabla ya kulipa. Karata zimechapwa kwa lugha kadhaa na Kiswahili hakimo, kwa hiyo asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu wa kumkalia karibu. Sisi tulitatua hilo kwa kukubaliana maneno yetu wenyewe, kulaza, kusimamisha, kupisha na kutimia, na nimeona watoto wa jirani wakiyadaka kwa jioni moja.

Ningeupa mchezo wenyewe alama tisa kwa kumi, na Arena saba. Alama moja ya mchezo nimeikata kwa ajili ya zile karata zenye maandishi mistari minane ambazo kila mwaka zinaongezeka, na ambazo humfanya mtu asome alipopaswa kufikiri. Anayetaka kujaribu kabla ya kutoa fedha zaidi atafute dubu wanne, Giant Growth nne na Lightning Bolt nne, ambazo zimechapwa mara nyingi na si za kifahari, ajazie ardhi nyekundu na kijani, agawane sawasawa na mwenzake, na wacheze jioni nzima kwa sharti moja: kila mtu, kabla karata haijatimia, amuulize mwenziwe kama amemaliza.